Viazi vya Jumamosi

Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Haya, lakini wahenga hao hawakuwahi kukaa nyumba iliyo mteremkoni, chini ya kanisa kisiwani Lewis, wala hawakupokea wageni wa Meza ya Bwana. Mgeni wa Meza anafika Alhamisi na kuondoka Jumanne asubuhi, na siku zote hizo hashiki jembe, hashiki ufagio, hata kikombe chake mwenyewe hakisuuzi. Amekuja kusikiliza Neno. Aliyefunga safari kusikiliza Neno hapewi kazi. Kazi ni ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba, kwa lugha ya kisiwa chetu, ni mwanamke.

Dolina ndiye alikuwa mwanamke huyo. Umri wake ulikuwa miaka hamsini na mitano, magoti yamemvimba, na mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba, nyumba yake ilijaa pomoni. Septemba hii wageni walikuwa kumi na wawili. Walilala vitandani, walilala kwenye makochi, na yeye na mumewe Tormod wakahamia bandani walikokuwa wakifuma sufu, wakatandika juu ya marobota. Tormod alikuwa mzee wa kanisa, kwa hiyo yeye alilala usingizi wa haki. Dolina alilala akiwaza nyama ya kondoo itatosha au haitoshi.

Jumamosi ya Meza, jamani, ndiyo siku ya kuvunja mgongo. Jumapili kwetu hakuna anayemenya kiazi. Kumenya ni kazi, na siku ya Bwana haina kazi. Kwa hiyo maji huchotwa Jumamosi, viatu hung'arishwa Jumamosi, mboji kavu tunayochoma badala ya kuni huingizwa ndani, nguo huanuliwa hata kama zingali mbichi, na viazi vya watu kumi na sita humenywa vyote na kulazwa kwenye maji. Ndoo mbili. Dolina alikuwa amekosa ibada ya mchana kwa ajili ya ndoo hizo mbili, na wala hakuona ajabu, maana ibada ya Jumamosi alikuwa ameikosa karibu kila mwaka wa maisha yake ya ndoa.

Aliyekuwa akimsaidia ni mama yake, Peigi, wa miaka themanini na mitatu, vidole vimepinda kwa baridi yabisi. Peigi alimenya polepole, maganda manene. Dolina alimenya haraka, maganda membamba. Hawakuongea. Walikuwa wamechoka wote wawili, na watu waliochoka pamoja kwa miaka mingi hawana haja ya maneno.

"Yule mgeni, Katriona, amesema supu ya jana ilikuwa nzito," Dolina alisema hatimaye.

"Alikula mabakuli mangapi?"

"Matatu."

"Basi ilimzidi uzito kwenye la tatu," Peigi alisema, akatupa kiazi ndooni.

Wanawake hao wawili, walioipikia Meza ya Bwana maisha yao yote, hawakuwahi hata mara moja kula kwenye Meza hiyo.

Anayetoka kwingine atashangaa. Kwetu hashangai mtu. Kwetu unaweza kuingia kanisani kila Jumapili kwa miaka themanini, ukaimba zaburi zote kwa moyo, ukafa, na usiwahi kuonja mkate ule. Meza ni ya yule anayejua ndani ya nafsi yake kwamba Mungu amemfanya wake. Mtu huyo huenda Jumamosi mbele ya wazee, huulizwa maswali, na akionekana yuko sawa hupewa kibati, kipande kidogo cha madini ya risasi kama ukucha wa dole gumba. Jumapili bila kibati hukai kwenye kitambaa cheupe. Na hata kabla ya watu kukaa, mchungaji husimama na kuiwekea Meza uzio kwa maneno. Huwataja mmoja mmoja wasiostahili, waongo, wenye majivuno, wenye mioyo ya mawe, na kuwakumbusha kwamba anayekula bila kustahili anajilia hukumu yake mwenyewe. Akimaliza, watu mia nne wamejiinamia, na arobaini tu ndio wanainuka.

Dolina alilisikia onyo hilo kwa mara ya kwanza akiwa na miaka tisa, akahesabu uongo wake kwenye vidole, vidole vikaisha. Tangu siku hiyo Mungu alikuwa kwake kama mwalimu anayesimama nyuma ya dawati lako. Humwoni, ila shingo inajua yupo.

Kisha, alipokuwa na miaka kumi na saba, jambo lilimpata. Ilikuwa Machi, Jumamosi ya Meza, na yeye alikuwa zizini akikamua. Kanisa lilianza kuimba. Kule juu kiongozi alitoa mstari na watu wakaufuata, taratibu, kila mmoja kwa sauti yake, na uimbaji ukateremka mpaka zizini. Hakuona nuru. Hakusikia jina lake likiitwa. Alijua tu kwamba anapendwa, kama mtu anavyojua mvua imeacha kunyesha. Aliegemeza paji la uso wake kwenye ubavu wa ng'ombe akacheka, maziwa yakamwagika kidogo.

Alikimbia jikoni, kwenye meza hii hii, akamwambia mama yake, "Mama, nataka kwenda kwa wazee leo."

Peigi alikuwa akimenya. Hakuinua macho. "Bado," alisema. "Moyo wako haujavunjika. Utajilia hukumu."

Na Dolina aliamini. Kwa nini asiamini? Kijiji kizima kilijua hakuna mwanamke anayemcha Mungu kama Peigi. Kama mwenyewe hakuthubutu kuisogelea Meza, binti wa miaka kumi na saba mwenye maziwa kwenye viatu alikuwa nani? Alivaa aproni akachukua kisu.

Akaanza kungoja moyo uvunjike. Alingoja mpaka akaolewa na Tormod, mfumaji mwenye vichekesho vingi, na kwa miaka kadhaa moyo wake haukuvunjika hata kidogo, ulikuwa ukicheka. Kisha Tormod, akiwa na miaka thelathini na minne, akaenda kwa wazee bila kumwambia mkewe, akarudi na kibati. Vichekesho vikapungua. Baadaye akawa mzee wa kanisa mwenyewe. Jumapili za Meza yeye alikwenda mbele kwenye kitambaa cheupe, na mkewe akabaki nyuma na watoto, akiwafuta kamasi. Mtoto alipobatizwa, baba ndiye aliyesimama na kumshika, maana ndiye mshirika wa Meza. Dolina alikaa akiangalia mgongo wa mumewe. Wala Tormod hakumuuliza kitu. Kwetu mtu hamuulizi mkewe habari za roho yake. Ni kama kumchungulia bafuni.

Walizaa watatu. Wa kati, Aonghas, alifariki kwa homa ya mapafu, mwezi Februari, ana miezi kumi na mmoja.

Hapo moyo ulivunjika. Dolina alikuwa amengoja kuvunjika huko kama mtu anayengoja cheti, na kulipokuja hakukufanana na utakatifu hata chembe. Kulifanana na uchovu. Alichoka mpaka kwenye mizizi ya nywele. Watu walikuja kumwambia mapenzi ya Bwana yatimizwe, naye akawapa chai. Mwaka mzima hakuomba. Kilichobaki ni neno moja tu, alilosema kila asubuhi akichochea jiko kabla mtu yeyote hajaamka. "Upo?" Hakujibiwa. Kesho yake aliuliza tena. Miaka ikapita, na asubuhi moja akatambua kwamba siku hizi haulizi, anasalimia. Baada ya salamu alieleza mambo mengine, magoti, bei ya sufu, bintiye Effie ana kikohozi, Tormod amenuna. Lakini hilo halikuwa jambo la kupeleka kwa wazee. Watu wa Meza walikuwa na tarehe ya kuokoka kwao na mstari waliopewa. Yeye alikuwa na jiko.

Basi ndivyo walivyokuwa, mama na mwana na ndoo mbili, wakati Effie alipoingia. Effie ndiye kitinda mimba, miaka ishirini na miwili, mfanyakazi wa posta mjini, amekuja na basi la Ijumaa. Alikuwa bado na kofia ya kanisani kichwani.

"Ibada imekwisha?" Dolina aliuliza.

"Imekwisha. Wageni wanapiga gumzo nje. Wazee wameingia chumbani."

"Basi vua kofia uchukue kisu. Usinisimamie hapo kama mnara wa taa."

Effie hakuvua kofia. "Mama, nataka kwenda kwa wazee. Leo."

Visu viwili vilisimama.

Dolina alimtazama binti yake. Uso ulikuwa mwekundu kwa upepo, na macho yalikuwa na kitu ambacho Dolina alikijua, alikuwa nacho yeye mwenyewe siku ile zizini. Angepaswa kufurahi. Alitazama ndoo. Ya pili haikuwa imefika hata nusu. Kitoweo cha kesho hakijakatwa, Katriona anataka maji ya moto ya miguu, na huyu akiondoka sasa hatarudi kabla ya saa kumi. Na chini ya hayo yote kulikuwa na jambo jingine lililomchoma, dogo, baya. Mtoto wake wa juzi atakaa kwenye kitambaa cheupe, na yeye atabaki nyuma akimtazama mgongo.

Mdomo ulijifungua wenyewe.

"Bado, mwanangu," alisema. "Moyo wako haujavunjika. Utajilia..."

"Usimalize!"

Ilikuwa sauti ya Peigi. Kisu chake kilikuwa kimeanguka sakafuni.

"Usilimalize hilo neno, Dolina. Ni uongo. Nililitunga mimi, hapa hapa."

"Mama, umechoka. Kalale kidogo."

"Nimechoka, ndiyo. Nimechoka kulibeba." Peigi alipumua. "Siku ile ulipotoka zizini. Nilikuwa na wageni kumi na sita, baba yako mgonjwa, viazi havijaguswa. Nikasema moyoni, huyu akienda kwa wazee nani atamenya? Hilo la kwanza."

"Na la pili?" aliuliza Effie.

"La pili nilimwonea wivu." Peigi hakumtazama mtu. "Nilikuwa na miaka arobaini na mitano. Nimelilia kitu hicho tangu utotoni, nimefunga, nimeamka alfajiri. Sikupata kitu. Yeye amekipata anakamua ng'ombe! Anaingia anacheka, maziwa mpaka kwenye viatu. Nikakizima. Nilijua la kusema na nikalisema."

Dolina aliweka kisu chake mezani.

"Miaka thelathini na minane," Dolina alisema.

"Nilipanga nikwambie Jumanne, wageni wakiondoka. Jumanne ikafika, ukawa umeshatii. Ulitii vizuri mno, ungenipigia kelele hata kidogo ningekwambia. Halafu ikawa Machi nyingine. Unajua inavyokuwa."

"Sijui inavyokuwa!"

"Effie," Peigi alisema, "toka uende. Nenda sasa hivi kabla mama yako hajapata pumzi."

Effie alimtazama mama yake, kisha akatoka.

Dolina naye alitoka, kwa mlango wa nyuma, akaenda kusimama kwenye rundo la mboji. Alikasirika. Tusimpambe, alikasirika mpaka meno yakamuuma. Alipiga teke ndoo ya maji machafu, ikamuumiza kidole, akakasirika zaidi. Thelathini na minane! Angekuwa na miaka kumi na saba kwenye kitambaa kile. Angekuwa na mahali pa kumpeleka Aonghas. Badala yake alikaa nyuma maisha yake yote kama mtu anayengojea kwenye ofisi iliyofungwa, kwa sababu ya viazi. Kwa sababu ya viazi na kijicho.

"Ulijua," alisema kwa sauti, na hakuwa akisema na mama yake. "Ulijua muda wote, ukanyamaza tu."

Hakujibiwa. Alikuwa amezoea.

Upepo ulikuwa mkali. Alisimama mpaka hasira ikaanza kuchoka yenyewe, na hapo chini yake akakuta jambo ambalo hakulipenda. Mama yake alisema neno lile mara moja. Mara moja tu. Baada ya hapo kila Machi na kila Septemba mlango wa wazee ulikuwa wazi saa tatu nzima, hatua mia tatu kutoka jikoni kwake, na hakuna aliyemshika aproni. Nyuma ya sufuria hakuna anayekuuliza swali. Nyuma ya sufuria kila mtu anakuita mama mwema. Na leo, bila kulazimishwa, yeye naye alikuwa amefungua kinywa kumzimia mwanawe furaha, kwa sababu zile zile mbili, kwa mpangilio ule ule.

Aliinua ndoo akaiweka wima. Kisha akaanza kupanda kilima, na aproni yake, na mikono inanuka vitunguu.

Njiani alikutana na Effie akishuka. Msichana alifungua kiganja kidogo, akaonyesha kibati, akakifunga haraka asije akakipoteza kwenye majani.

"Wamekuuliza nini?" Dolina aliuliza.

"Mengi. Mzee Murdo ameniuliza nani alinifundisha kuomba. Nikasema wewe."

"Mimi? Mimi sijakufundisha kuomba siku hata moja."

"Kila asubuhi ulikuwa unaongea na mtu kwenye jiko, Mama. Nilikuwa nalala chumba cha pili, nakusikia. Nilidhani watu wote hufanya hivyo." Effie alimwangalia. "Unakwenda wapi na aproni?"

"Nenda ukamalize ile ndoo," Dolina alisema, na hapo hapo akajirudi. "La. Usimenye. Kaa tu. Kaa kwenye benchi pale ukutani upumzike na hicho kitu chako."

Chumba cha wazee kilinuka makoti mabichi. Walikuwa watano pamoja na mchungaji, wamekaa kwenye viti vya mbao, na kwenye kona, karibu na dirisha, Tormod na kisanduku cha vibati magotini. Alipomwona mkewe mlangoni alidhani kuna msiba.

"Nani?" alisema. "Ni Mama?"

"Hajambo. Nimekuja kama wanavyokuja wengine."

Tormod aliinama akatazama viatu vyake, na hakuinua kichwa.

Mchungaji alimpa kiti. Alikuwa kijana kuliko wote mle ndani na alionekana kuogopa aproni. Aliuliza kwa upole, "Dolina, ni neno gani Bwana alikupa?"

"Sina neno, mchungaji. Sina tarehe wala mstari. Niliwahi kufurahi mara moja nikiwa msichana, halafu nikafiwa, halafu nikachoka. Bado nimechoka. Nikiamka nawasha jiko, namsalimia. Namwambia mambo yangu. Wakati mwingine namkasirikia, kama leo, leo nimemkasirikia sana. Lakini sijawahi kuamka nikakuta hayupo. Basi, ni hayo tu."

Mzee Murdo ndiye alikuwa mkali wao. Alisafisha koo. "Na kwa nini umekawia hivi? Mumeo ana miaka zaidi ya ishirini hapa. Ulikuwa wapi?"

Jina la mama yake lilimjia mpaka kwenye ulimi. Lilikuwa pale, tamu, na lilikuwa kweli.

"Nilikuwa napika, Mzee," alisema. "Ulikula kwangu jana."

Mzee mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Mzee Murdo aliviangalia vidole vya Dolina vilivyokunjamana kwa maji. "Nimekula kwako miaka thelathini," alisema, na sauti ilikuwa imebadilika. "Sikuwahi kuuliza kwa nini hukai nasi. Sina swali jingine."

Wengine hawakuwa na swali. Mchungaji alimwashiria Tormod. Tormod alifungua kisanduku, akahangaika nacho kama mtu anayetafuta sindano, ilhali kilikuwa kimejaa. Alikuja akamwekea mkewe kibati kiganjani, na akasahau kuuachia mkono. Alikuwa akilia kwa utulivu, hivyo hivyo, mbele ya wazee wenzake.

"Nimekuombea hiki miaka yote hii," alisema kwa sauti ya chini.

"Ungesema hata siku moja, Tormod."

"Sikujua namna ya kusema."

"Haya," Dolina alisema. "Mtafunga mlango saa ngapi?"

"Saa kumi."

Alirudi nyumbani polepole kwa sababu ya magoti. Kibati kilikuwa baridi, kisha kikapata joto. Alingoja furaha ya zizini irudi, haikurudi. Alichosikia ni kwamba angetamani kukaa chini, na kwamba kesho, mbele ya watu mia nne, atakaa chini. Ilimtosha.

Peigi alikuwa pale pale mezani. Hakuwa amemenya hata kiazi kimoja. Effie alikuwa amekaa kwenye benchi kama alivyoambiwa, na wageni walianza kusikika huko nje wakirudi na njaa zao.

"Wamekupa?" Peigi aliuliza.

Dolina aliweka kibati mezani, katikati ya maganda. Mama yake alikitazama sana. Alinyoosha kidole kimoja kilichopinda, akakigusa pembeni, akakirudisha kidole haraka.

"Umewaambia? Habari zangu?"

"La."

"Ungewaambia. Ni haki yako."

"Najua ni haki yangu."

Peigi alikunja mikono mapajani. Alionekana mdogo, kofia ya sufu imemkaa upande.

"Dolina. Mtu wa miaka themanini na mitatu, aliyemzimia mwanawe furaha... mtu kama huyo wanamsikiliza? Au wakati wake umepita?"

Hakuwa akiwauliza wazee. Alikuwa akimuuliza binti yake, na Dolina alielewa hivyo. Alisimama na hasira yake nzima kifuani, haijapungua, na jibu la neno moja mdomoni. Lingetosha. Mama yake angelipokea bila ubishi, angeinama na kuokota kisu, na wangeendelea kumenya.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na nusu. Kwa miguu ya Peigi, hatua mia tatu zilikuwa dakika ishirini.

Dolina alikwenda nyuma ya mlango akachukua viatu vya mama yake vya Jumapili. Alipiga magoti sakafuni, na magoti yakapiga kelele, akamvua ndara za sufu. Miguu ilikuwa imevimba na baridi.

"Wakiniuliza, niseme nini?" Peigi aliuliza. "Wewe nakusikia asubuhi na jiko lako. Mimi sina hata jiko."

"Waambie ulichoniambia mimi leo. Chote. Ukimaliza hapo nyamaza."

"Tormod atakuwepo."

"Atakuwepo. Effie, chukua fimbo ya Bibi. Mshike upande ule."

Mlango wa mbele ulifunguka na Katriona akaingia, anapangusa viatu, anauliza chai iko wapi.

"Birika lile pale," Dolina alisema bila kugeuka. "Na kisu kiko sakafuni, na ndoo ya pili haijaisha."

Alisukuma kiatu cha kwanza, kikakataa, akakilegeza kamba na kukisukuma tena mpaka kisigino kikaingia. Alifunga kamba kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Sijakusamehe, ujue," alisema.

"Najua, mwanangu."

"Lete mguu wa pili."